Picha Iliyofundisha Jeshi Zima

Baba yangu ana fimbo, lakini haiegemei. Anaibeba. Huiweka mabegani nyuma ya shingo, mikono yote miwili ikining'inia juu yake, kama wanavyofanya wafugaji wa kwetu Mpwapwa, na hivyo ndivyo anavyokwenda kanisani, mnadani na hospitali. Ukimwambia aishushe ardhini imsaidie, anakutazama kama mtu aliyetukanwa na mkwewe. Kwa Mgogo wa umri wake, fimbo ni ya kuongozea ng'ombe. Ukianza kuiegemea, umekitangazia kijiji kizima kwamba kazi hiyo imekushinda.

Shida ilikuwa goti la kulia. Mwaka jana alianguka mara mbili. Mara ya kwanza zizini, mama akamkuta amekaa katikati ya mbuzi akidai anawahesabu. Mara ya pili alianguka uani kwangu mjini, Nzuguni, siku aliyokuja kliniki, akiwa na bakuli la mlenda mkononi. Mlenda ulimwagika wote, fimbo ikabaki mabegani salama. Daktari akatuambia anguko la tatu litavunja nyonga, na kwa umri wa mzee, nyonga ikivunjika… Hakumaliza. Mama aliimalizia sentensi ile jikoni kwangu kwa kulia, huku akichambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua.

Baba alipoambiwa habari ya kuegemea fimbo alitoa jibu lile lile tulilolijua tangu utotoni.

"Mtu ambaye picha yake imefundisha jeshi zima haegemei fimbo."

Hapo lazima nieleze. Baba aliwahi kuwa askari ujanani, kabla ya kurudi nyumbani kulima na kufuga. Katika miaka ile, alituambia, alipigwa picha akifanya pushapu, picha ikakuzwa, ikabandikwa kwenye kuta za kambi, na makuruta wakawa wanafundishwa kwa kuitazama. Picha yenyewe hatukuwahi kuiona. Tuliona matokeo yake. Kila alfajiri baba alipuliza filimbi, na sisi watoto wanane tukatoka mbio za mchakamchaka mpaka korongoni na kurudi, tukiimba. Tukirudi tulipiga pushapu uani, huku kuku wakipita katikati yetu. Aliyeinua makalio juu alirudia kumi. Mimi nilirudia kumi takriban utoto wangu wote. Leo watu ofisini wakinialika mbio za hisani huwa nawaambia nilishakimbia zangu zote kabla ya kumaliza darasa la saba.

Mama peke yake ndiye aliyesamehewa. Siku moja baba alimpulizia filimbi na yeye, mama akamwonyesha mchi na kinu. "Zoezi langu hili hapa," akasema. "Njoo tubadilishane." Filimbi haikumwelekea tena. Lakini kila baba alipoitaja ile picha, mama aliuliza swali moja tu: "Na nani ameiona?"

Ndipo na mimi, siku ile ya mlenda, nikapandisha mori. Hasira zangu huwa ziko karibu, hazihitaji kutumwa. Nikamwambia, "Baba, sasa tuseme hivi. Tukiiona hiyo picha kwa macho yetu, utaiegemea hiyo fimbo?"

Baba akacheka. "Picha imeshaliwa na mchwa zamani."

"Tukiiona?"

"Mkiiona," akasema, na alisema mbele ya mama, mbele ya Mungu na mbele ya fundi bomba aliyekuwa anatengeneza sinki, "nitaiegemea mpaka mchoke kunitazama."

Miezi mitatu ikapita. Siku moja mwenzangu mmoja ofisini, mtu wa kupenda habari, akaniambia kuna kambi moja nje kidogo ya mji imefungua makumbusho madogo ya mazoezi ya viungo jeshini. Raia wanaruhusiwa kuingia siku za Jumamosi, kuna vifaa tangu wakati wa mkoloni, kuna filimbi, kuna bukta, kuna picha. Aliposema picha nilisimama. Nilimpigia baba simu pale pale nikamwambia apande basi la Ijumaa pamoja na mama.

Nilitegemea angeruka kwa furaha. Badala yake simu ilinyamaza mpaka nikadhani chaji imeisha. Kisha zikaanza sababu. Mbuzi mmoja anakaribia kuzaa. Kuna kikao cha kanisa. Makumbusho ni mambo ya wazungu kwenda kutazama vyungu. Wiki iliyofuata mbuzi alikuwa ameshazaa, kikao kilikuwa kimekwisha, na baba akasema suruali yake nzuri iko kwa fundi. Nikamwambia aje na mbaya. Mimi, mtu mzima mwenye akili zake, sikujiuliza hata mara moja kwa nini mtu akatae kwenda kuoneshwa sifa zake.

Walifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi mama alisema yeye anabaki kupika, maana kama picha haipo hataki kuwepo, na kama ipo atasikia kelele za baba kutoka huko huko. Tukapanda bajaji mimi na baba. Fimbo haikuenea ndani, ikachomoza nje upande wa kushoto, na kila pikipiki iliyotupita ilitutukana kidogo.

Getini tulipokelewa na sajenti mwanamke, mtu wa makamo, mfupi, mwenye kifua cha mtu anayeamka mapema kwa hiari. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa makumbusho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbukwa?"

Sajenti aliposikia salamu ya Kigogo akaachia tabasamu la mwizi. "Aa! Kumbe ni Mgogo! Mimi Mnyamwezi, mzee. Leo umeingia pabaya. Babu zangu walipita kwenu na mizigo kichwani, mkawatoza hongo ya maji."

"Na hawakulipa yote," baba akasema. "Nimekuja kuchukua iliyobaki."

Basi utani ukawa umefunguliwa, na kwa watani hakuna wa kuufunga. Shikamoo ikawekwa pembeni, "mzee" akawa "mtani". Kwa wasioujua utani wa makabila, unakuruhusu kumwambia mtu mzima maneno ambayo mwanawe akiyasema atalaaniwa. Mimi nilishukuru. Nilidhani utamchangamsha baba, maana tangu asubuhi alikuwa kimya.

Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja kirefu kilichowahi kuwa stoo ya magodoro. Kulikuwa na farasi wa mbao wa kurukia, ngozi ya mgongo wake imepasuka. Kulikuwa na mipira mizito ya ngozi waliyorushiana tumboni, na marungu ya mbao ya kuzungusha mikononi, ambayo sajenti alisema mkoloni aliyaleta yafanye mabega kuwa mapana. Kulikuwa na kamba ya kupanda iliyoning'inia kutoka darini, na kibao kinachosema usipande, na alama za viatu ukutani zilizoonesha kwamba watu hupanda. Kulikuwa na bukta moja ya kaki ndani ya kabati la kioo. Bukta ile ingetosha mimi na sajenti kwa pamoja, na tungebaki na nafasi ya kupumulia.

Baba alisimama kwenye kila kitu. Kwenye farasi wa mbao alikaa robo saa akieleza jinsi ya kuruka. Kwenye mipira akaeleza mtu aliyezimia. Kwenye kabati la filimbi aliuliza kila filimbi imetoka wapi, na sajenti alipomaliza kueleza akaomba arudie za mwanzo. Nilianza kuona kwamba mzee huyu hatembei kwenda mbele. Kila tukikaribia ukuta wa mwisho, ambako niliona fremu za picha, anakumbuka kitu alichokiacha mlangoni.

Uvumilivu ukaniishia. Nikawaacha kwenye filimbi nikaenda mwenyewe.

Picha zilikuwa mbili, kubwa, nyeusi na nyeupe, zimewekwa sambamba. Ya kushoto ilionesha askari anapiga pushapu, mwili umenyooka toka kisigino mpaka kisogo, na chini yake herufi kubwa: SAHIHI. Sikumjua. Ya kulia ilionesha askari mwingine. Tumbo lilikuwa limeingia ndani, kichwa kimezama katikati ya mabega, na makalio yamepanda juu kabisa yakielekea kwenye mataa. Masikio yalikuwa na ndewe kubwa, zile tundu wazee wetu walizotobolewa utotoni, na nyama ya sikio ilikuwa inaning'inia kuelekea sakafuni. Masikio yale nimeyashika nikiwa mtoto mgongoni kwa baba. Chini yake paliandikwa: KOSA.

Nilimwona baba nyuma yangu, mbali, mzee wa watu mwenye fimbo mabegani, aliyeishi miaka yote hii kwa heshima ya picha hii, nami ndiye niliyemburuta mpaka hapa. Nilitamani ukuta uanguke. Kisha nikasikia hatua zake, ile ya kuburuta na ile nzima, na mwili wangu ukafanya uamuzi bila kuniuliza: nikasimama mbele ya neno KOSA, nikapanua kitenge changu.

"Sogea," baba akasema.

"Baba, hapa pana vumbi sana."

"Nimezaliwa vumbini. Sogea."

Nilisogea nusu. Kichwa cha picha kikaonekana, na masikio. Makalio nilibaki nayo mimi. Baba akatazama kwa kukunja macho. Miwani yake alikuwa ameiacha nyumbani, au ndivyo alivyosema asubuhi.

"Yule nani?"

"Ni wewe, baba." "Ni wewe kabisa. Hongera."

"Imeandikwaje hapo chini?"

Sajenti alikuwa ameshafika. Alinitazama, akautazama ukuta, akamtazama baba masikio, nikaona macho yake yakipanuka. Nikamkazia uso, ule wa ofisini ninaowapa watu wanaotaka kuruka foleni.

"Imeandikwa SAHIHI," nikasema.

Baba akanigeukia.

"Soma tena."

"Sahihi, baba."

"Mimi nilikulea kwa filimbi," akasema taratibu, "sikukulea kwa uongo. Imeandikwa kosa. Nilikuwepo ikipigwa."

Akaniondoa kwa kiwiko. Tukasimama wote watatu mbele ya makalio ya baba yangu.

Akatueleza. Alikuwa kuruta wa wiki ya pili, mtoto wa kuchunga, hajawahi kuambiwa alale chini asukume ardhi, maana ardhi ya kwetu inalimwa, haisukumwi. Siku ile alikuja mpiga picha. Mkufunzi akawalaza wote kwenye mstari, akapita akiwatazama, akamkuta mmoja amenyooka, akapigwa picha. Akaendelea kupita. Alipofika kwa baba akasimama.

"Nikajua nami nimenyooka," baba akasema. "Akaniambia, wewe, usisogee hata kidogo. Nikajaa furaha. Nilikaa vile mikono ikitetemeka mpaka jasho likanidondoka puani. Picha zilipokuja kubandikwa sikujua kusoma vizuri. Nilikuwa naita watu waje wanitazame. Wiki nzima naita watu. Mpaka mmoja akanionea huruma akanisomea."

"Kwa hiyo siku zote ulijua," nikasema.

"Nilijua."

Nilikasirika. Nasema kweli, huruma yote iliyeyuka nikakasirika. "Na korongoni je? Alfajiri zote zile? Mimi kurudia kumi, tena kumi, kwa kosa hili hili lako?"

"Ndiyo," akasema, na hakuitazama sura yangu. "Niliona aibu ile. Nikasema mtoto wangu hata mmoja hataipata. Na wewe ndiye uliyekuwa unainua kuliko wote. Wewe umenifuata mimi. Nikikuona uani pale, nilikuwa naiona picha."

Miaka yote niliamini alinifanya nirudie kumi kwa sababu hakunipenda kama alivyowapenda wengine. Nilisimama pale kwenye stoo ya magodoro nikiwa na umri wangu huu, nikalia kama mtu aliyekatiwa kitunguu usoni, na nilikuwa nimefurahi.

Aliyetuokoa ni sajenti. Alikuwa amejizuia mpaka mishipa ya shingo imemtoka, sasa akapasuka.

"Mtani! Kumbe ni wewe! Mgogo wewe, umenitesa!" Akapiga kofi pajani. "Mimi nikiwa kuruta picha hii ilikuwa ukutani kwetu. Ukiinua kidogo tu, afande anakuuliza, unataka kuolewa na yule? Nimeruka kichurachura kuzunguka uwanja kwa ajili ya makalio yako!"

Nilishika roho. Lakini baba alikuwa ameanza kutikisika mabega, na fimbo juu yake ikitikisika. Alikuwa anacheka. "Ungeolewa pazuri," akasema. "Ningetoa hata ng'ombe mmoja, kwa Mnyamwezi anatosha."

"Lakini sikiliza, mtani." Sajenti akafuta machozi, akaonesha picha ya kushoto. "Huyu wa sahihi simkumbuki. Napita hapa kila siku, ukiniuliza ana sura gani siwezi kukuambia. Wewe ndiye tulikuwa tunakuwaza. Kila nikishuka chini nakuwaza wewe, nanyooka. Jeshi zima tulikuwa tunanyooka kwa ajili yako."

Baba akaacha kucheka. Akaitazama picha muda mrefu, bila kukunja macho sasa, kisha akatoa miwani mfukoni mwa shati, akaivaa mbele yangu bila aibu yoyote, akaitazama tena. "Basi sikuwadanganya," akaniambia. "Nilisema imefundisha jeshi zima."

"Ulisema, baba."

Sikutaja fimbo. Nilikuwa nayo mdomoni, lakini nilihisi mtu akishavuliwa kiasi hiki kwa siku moja, haifai kumdai na koti. Yeye ndiye aliyekumbuka.

"Na mmeiona," akasema. "Neno ni neno."

Akaishusha fimbo kutoka mabegani. Akaitazama kidogo, akaitia ncha yake sakafuni kwa mkono wa kulia, upande wa goti bovu, akaiegemea. Hatua ya kwanza aliyumba.

"Kosa!" sajenti akasema kwa sauti ya uwanjani. Baba akasimama wima pale pale. "Fimbo inakaa mkono wa upande wa mguu mzima, mtani. Kushoto. Inatoka pamoja na mguu mbovu. Moja, mbili. Moja, mbili."

Baba akahamisha mkono. Moja, mbili. Akaenda mpaka kwenye farasi wa mbao, akageuka, akarudi. Hakuyumba. Mara ya tatu sajenti alinyamaza, na mzee akaendelea kuhesabu mwenyewe. Halafu akaja kusimama kati ya zile fremu mbili, fimbo mkono wa kushoto, akaniambia nipige picha. Nilipiga sita.

Tukarudi. Nilikuwa nimejaa ushindi bajajini. Nilipanga hata jinsi nitakavyomwambia mama. Lakini bajaji ilipokata kona ya mtaa wetu, baba akaona majirani wamekaa barazani. Alishuka, akasalimia, na kabla sijamaliza kumlipa dereva, fimbo ilikuwa imerudi mabegani, mikono miwili juu yake, na goti linaburutwa kama kawaida.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alimtazama baba akija, na uso wake ukaanguka.

"Hamkuiona," akasema.

"Tuliiona," nikajibu.

"Imeandikwaje?"

Nikamtazama baba. Baba akatazama miguu ya kuku. "Kosa," akasema mwenyewe.

"Nilijua," mama akasema.

"Ulijuaje? Nani alikuambia?"

"Miaka yote hii nakuona unavyoinama kuchota maji kwenye mtungi. Nikasema mtu huyu hawakumpiga picha ya kusifiwa."

Majirani walicheka, na baba pia akacheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa anaitazama fimbo. Nikampa simu. Akaipokea kwa vidole vilivyojaa unga, akaikuza picha. Hakuukuza uso wa mume wake, wala zile fremu ukutani. Alishuka nayo chini kabisa, mpaka pale ncha ya fimbo ilipogusa sakafu, akaitazama hapo muda mrefu.

Kisha akaigeuza simu, akamwinulia baba kwa mikono miwili, akaishikilia kwenye ukuta kando ya mlango wetu kama picha iliyobandikwa.

Baba aliitazama. Aliwatazama majirani. Akashusha fimbo, akaanza na mkono wa kulia, akakumbuka, akaihamishia kushoto, akapanda ngazi ya mlango huku anahesabu.